Kunde za Nyamizi

Katika mji ule, mahindi ya shamba yalikuwa ya upande wa mume, na kunde zilizopandwa katikati yake zilikuwa za mke. Nyamizi alipofiwa na mumewe, shemeji yake Machibya aliyapanda mahindi yeye mwenyewe, Nyamizi akiwa bado matangani. Sasa alikuja kuyatazama, akakunja uso.

"Shemeji, zing'oe hizi kunde zako. Huoni mahindi yangu yalivyokonda? Zinayanyang'anya chakula."

Nyamizi alipiga magoti penye shimo la karibu, akafukua udongo kwa vidole. Humo mlikuwa na miche mitano ya mahindi, mizizi imesukana kama nywele, maana Machibya alimwaga mbegu kwa pupa, apate mavuno mengi.

"Njoo uwaone wanaonyang'anyana," alisema. "Ni ndugu kwa ndugu, tumbo moja."

Akaishika miche mitatu, akaing'oa.

"We mwanamke, una wazimu? Hayo mahindi yangu!"

"Na hizi kunde zangu. Ukishabeba magunia yako, wanangu watakula nini?"

"Nitawaita wazee!"

"Waite, shemeji. Waambie waje na majembe, kazi bado nyingi."

Akahamia shimo la pili, halafu la tatu. Mahindi yaliyong'olewa yakalala juani nyuma yake. Machibya alinyanyua mguu ili aondoke, akaona kitawi cha kunde kimelala juu ya kiatu chake, chororo, kikitafuta pa kushika. Mguu ukabaki hewani.