Watoto Watatu na Mashine ya Ukaguzi

Mashine ililia tena, na safari hii suruali ya mtoto mkubwa ikashuka hadi magotini.

"Nilikuambia ushike kiuno!" mama alifoka kutoka upande wa pili.

Mkanda wenyewe ulikuwa umeshavuliwa, unasafiri ndani ya trei pamoja na viatu, kofia na kila kilichopatikana mifukoni mwake: misumari, kizibo cha chupa, na peremende iliyokwisha kulambwa nusu.

Askari wa ukaguzi, dada mmoja mwenye uso wa kazi, akamwashiria arudi apite upya. Mkubwa akapandisha suruali, akapita. Mashine ikalia. Akamnong'oneza askari kitu sikioni, akigusa nyonga yake, askari akampitishia kifaa cha mkononi kuanzia kiunoni hadi miguuni, kisha akamruhusu. Mkubwa akatoka kwa maringo utadhani amepewa nishani.

Mama hakuwa na nafasi ya kucheka. Ndege ilikuwa moja tu kwa siku, na abiria walikuwa wameshaanza kuitwa. Huko ilikokuwa inakwenda, mdogo wake wa tumbo moja alikuwa amelazwa, akisubiri kupasuliwa jicho kesho asubuhi. Kwenye simu alikuwa ameapa kwamba hapandi kitanda cha upasuaji mpaka dada yake awepo amshike mkono. Alikuwa mwoga wa sindano tangu utotoni, na mama alijua kwamba hatanii. Wakikosa ndege, basi tena.

Kusafiri peke yake kungekuwa rahisi. Lakini watoto awaache na nani? Mara ya mwisho alikwenda msibani tu, akarudi akakuta sufuria imeungua, pazia limechanika, na wote watatu wanasingiziana.

"Uko na wangapi?" askari aliuliza.

"Watatu."

"Pole, mama."

"Nimeshazoea."

Wa kati, binti pekee, alikuwa amegoma kuvua viatu. Alikaa kwenye benchi, mikono kifuani, midomo ameibenua. Viatu ni vipya, akasema, na sakafu hii imekanyagwa na watu asiowajua. Mama akamtazama kwa lile jicho lake. Viatu vikavuliwa.

"Lakini mimi ndiye nitakaa dirishani," binti akaongeza, asionekane ameshindwa kabisa.

"Wewe ulikaa dirishani kwenye basi!" mkubwa akadakia, huku akihangaika na mkanda wake.

"Basi halihesabiki!"

"Atakayesema neno jingine atakaa chooni," mama alisema, na foleni nzima ikanyamaza.

Kusikia choo, mkubwa akakumbuka. "Mama, mkojo."

"Si umetoka sasa hivi?"

"Umerudi."

Hapo ndipo begi la kitinda mimba liliposimamishwa ndani ya mashine. Askari akalirudisha nyuma, akaikazia macho skrini, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Begi hili la nani?"

Kitinda mimba akaanza kuangalia dari.

"Lake!" binti akasema upesi, akimnyooshea kidole. "Ana asali kwenye soksi! Nilimwona akiificha!"

"Mchongezi wewe!" kitinda mimba akamkemea.

Mkubwa akaangua kicheko, mapengo yote nje. Askari akachomoa soksi nene, na ndani yake chupa ya asali iliyojaa pomoni. Damu ikampanda mama. Tangu alfajiri alikuwa akiwaambia: hakuna maji, hakuna mafuta, hakuna kitu chochote kinachomwagika. Aliwauliza mmoja mmoja kama wamesikia, na kila mmoja akaitikia ndiyo mama.

"Ni ya mama mdogo," kitinda mimba akasema, sauti ikimtetemeka. "Nilimchagulia mwenyewe. Akishapasuliwa alambe, apate nguvu."

Machozi yakamlengalenga. Hasira zote za mama zikamwishia hapo hapo. Akamvuta karibu, akampangusa pua kwa ncha ya mtandio wake.

"Mama mdogo atafurahi kukuona wewe," akamwambia. "Asali tutampatia huko huko."

Askari akageukia pembeni na kujifanya anapanga trei. Hata hivyo, asali haikurudi.

Kipaza sauti kikaita abiria wa mwisho.

Mama akainama, akamfunga mkubwa kamba za viatu, maana angeachiwa mwenyewe wangelala pale.

"Shikaneni mikono! Wewe kitinda mimba, wewe ndiye mwenye mbio. Tangulia, mwambie mtu wa mlangoni atusubiri!"

Kitinda mimba akachomoka. Mama akafuata, mkubwa mkono huu, binti mkono ule, wote wawili bado wanagombania dirisha. Alimwona mdogo wake kitandani, macho mlangoni, akiwakatalia wauguzi.

Walipokata kona ya mwisho, mlango ulikuwa umebaki upenyo tu. Kijana wa mlangoni alikuwa ameshika komeo, anatikisa kichwa.

"Samahani, tumesha..." kijana alianza. Kisha akamtazama vizuri huyo aliyesimama mbele yake akihema, mashavu yamejaa biskuti aliyoiokota Mungu ndiye ajuaye wapi. Mkono wake ukaachia komeo.

"Shikamoo, babu," akasema, akiufungua mlango wazi. "Karibuni, wazee wangu, piteni."

Kitinda mimba akapangusa makombo kwenye ndevu zake nyeupe. "Marahaba, mjukuu wangu."

"Meza kwanza ndipo ujibu!" mama akafoka kutoka nyuma.