Arusi Aliyonyimwa Umkulthum

Bi Asma alimkabidhi Shadya mkoba wa hina mbele ya macho ya Umkulthum, na roho ikamuuma Umkulthum kama mtu aliyepokonywa tonge mdomoni.

"Arusi ya Micheweni atakwenda Shadya," alisema Bi Asma, mwenye saluni, bila ya kumtazama. "Wenyewe wametaka mtu mwengine."

Mtu mwengine! Madungu nzima inajua kwamba mpakaji hina wa saluni ile ni Umkulthum. Alikuwapo tangu saluni ina kiti kimoja na kioo chenye ufa. Shadya kaja juzi tu, na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, bado linammwagikia kwenye kanga za watu. Leo ndiye wa kupelekwa kwenye arusi ambayo sanduku la biarusi peke yake, kwa dhahabu zilizomo, limekuwa gumzo la kila baraza?

"Bi Asma, n'nakwambia kweli," alisema Umkulthum. "Bi Khairat wa Wete ananitaka kila siku kwenye saluni yake. Ukinipa arusi hii, nakaa kwako mpaka n'zeeke. Ukin'nyima, Jumamosi n'nahamia kwake."

Alitegemea Bi Asma ashtuke, ambembeleze. Bi Asma aliukunja ukingo wa buibui lake, akaukunjua.

"Basi nenda Wete, mwanangu."

Jioni Umkulthum alimpigia simu mumewe, Suhail, aliyekuwa Unguja kwa biashara zake, akamwaga yote. Suhail alimuuliza mara mbili arusi hiyo ni ya wapi.

"Achana na arusi ya watu," alisema mwisho. "Nenda Wete. Anza hata kesho."

Hata mume hakumwelewa! Kuondoka ataondoka, lakini si kwa kushindwa na Shadya. Ataipaka kwanza hina ya arusi ile, watu waione, ndipo Bi Asma ajue kapoteza nini. Kwa wivu alijinunulia hina na piko lake mwenyewe.

Siku ya hina ilipofika, Shadya, aliyepangiwa kwenda alasiri, angali amelala, Umkulthum alipanda gari ya mwanzo kwenda Micheweni. Nyumba haikumpa tabu kuijua, turubali lilikwisha kufungwa uani.

"Nimetoka kwa Bi Asma," alisema mlangoni.

"Karibu, Shadya, karibu mwanangu!" Wanawake walimpokea kwa vigelegele, naye hakuwasahihisha.

Biarusi alikuwa msichana mwembamba, mpole, macho chini. Umkulthum alimchora vile asivyopata kuchora maisha yake. Kila ua aliloliweka kwenye vidole, moyoni alikuwa akimsuta nalo Shadya. Majani ya kwenye vifundo vya miguu yalikuwa ya Bi Asma. Alipomaliza, adhana ya adhuhuri ilikuwa ikilia, na mgongo ulikuwa haunyooki.

Mama wa biarusi aliinama kutazama, akashika mdomo.

"Mashaallah! Shadya mwanangu, Mungu kakupa mkono."

Angeweza kunyamaza, akachukua mkoba wake akaenda zake. Lakini jasho limtoke yeye, sifa zimwendee Shadya?

"Mie si Shadya, mama. Shadya haiwezi kazi hii. Mie Umkulthum."

 Mama wa biarusi alimtazama usoni kwa makini.

"Umkulthum wa Madungu? Wa Suhail?"

"Ndo mie," alijibu, akifurahi kwamba jina lake limefika hadi Micheweni.

Biarusi akaanza kulia. Mama yake alimkumbatia Umkulthum kwa nguvu, naye machozi yanamtoka.

"Na sisi tulimsihi Bi Asma asikulete, kwa kukuogopa! Kumbe weye umekuja kwa mguu wako kumpaka hina mke mwenzio. Wallahi mwanangu, mwanamke asiyekuwa na wivu kama weye sijapata kumuona."