Mpango wa Afya wa Kiboko

Wanyama walipoanza kuajiriana, Kiboko alifungua kinu cha kusaga mahindi. Punda alibeba magunia matatu kila safari, Kuku akafagia pumba. Punda alipoanza kuchechemea kwa maumivu ya mgongo, Kiboko alishtuka.

"Afya kwanza!" alitangaza. "Kila mchana, wafanyakazi wote mtoni. Mimi nashinda majini, na mnaniona nilivyo!"

Punda aliloa, akatetemeka, kisha akatwishwa magunia yale yale matatu. Kuku, aliyeponea chupuchupu kuzama, alitoka majini akiwaka.

"Bosi, nani alikuomba maji? Ulituuliza?"

Alibishana naye mpaka Kiboko akasalimu amri. "Haya, panga wewe."

Punda akashusha pumzi. Hatimaye kapata mtetezi!

"Tumeshinda, shoga!" Kuku alipiga mbawa. "Kuanzia kesho, wote tunaoga vumbi. Hakuna raha kama hiyo!"

"Na mimi mtaniuliza lini?" alisema Punda.

Wakatazamana. "Haya, sema," alisema Kuku.

"Punguzeni gunia moja."

"Hilo halimo kwenye mpango wa afya," alisema Kiboko.

"Basi ubebeni huo mpango mpaka kinuni," alijibu Punda, akalala chini na mzigo wake.

Kiboko alivuta kamba, Kuku akahutubia, Punda akatafuna majani. Jua lilipokaribia kuzama na kinu kingali kimya, Kiboko alilishusha gunia moja kwa mdomo wake mwenyewe. Punda akasimama.

"Sasa nasikia nafuu," alisema.

"Na vumbi je?" Kuku aliuliza.

"Kaoge, shoga. Nakutakia afya njema."