Miwani Ndani ya Mchele

Vidole aliichukua miwani ya mama mkubwa juu ya cherehani, akaenda nayo jikoni, akaizika ndani ya kopo la mchele. Kisha akanawa mikono, akapanga chai kwenye sinia na kuipeleka chumbani huku anatabasamu.

"Umeamkaje, Mama?"

"Salama, mwanangu. Miwani yangu umeiona?"

"Si ulikuwa nayo jana? Tafuta vizuri."

Mama mkubwa akapapasa mto, akapapasa shuka. Vidole alimtazama na roho yake ikaburudika. Jina hilo la Vidole alipewa humu humu ndani, akiwa mtoto, na aliyempa ndiye huyu anayepapasa shuka.

Mama yake alipofariki, dada mkubwa wa marehemu, mshonaji mwenye sifa zake, ndiye aliyemchukua. Ilikuwa nyumba ya vitambaa na vifungo, na mtoto ni mtoto. Siku moja alidokoa kifungo chekundu kinachong'aa, akakificha ndani ya soksi. Tangu hapo usingizi ukamruka. Mlango ukigongwa, anaishika soksi.

Wiki hiyo hiyo ikapotea subana ya fedha, kile kikofia mshonaji anachovaa kidoleni asichomwe na sindano. Mama mkubwa akamsimamisha juu ya kigoda mbele ya wateja. "Umeiba, hujaiba?"

Subana hakuigusa. Lakini kifungo kilikuwa kinamuwasha mguuni. Akaangua kilio.

"Mnaona wenyewe," mama mkubwa aliwaambia wateja. "Kama hana kosa, analia nini?"

Kesho yake alipelekwa kwa babu yake na kibegi chake. Shule ikaishia hapo. Jina la Vidole, yaani mdokozi, likamfuata kila alikokwenda, hata harusini kwake kuna mtu alilitamka akacheka.

Kwa hiyo mama mkubwa alipovunjika nyonga na mwanawe, ambaye Vidole alimwita Kaka, akahangaika kutafuta mtu wa kukaa naye, Vidole alijitolea. Ndugu walimsifu mpaka wakachoka.

"Una moyo wewe, mdogo wangu," Kaka alimwambia. "Baada ya yote yale."

Moyo alikuwa nao, ila si ule waliouona wao. Alitaka kitu kimoja tu: yule mwanamke atolewe nyumbani kwake mbele za watu, aseme na asiaminiwe na hata mmoja. Ajue jambo hilo linavyouma.

Ufunguo wa kabati ukaingia kwenye kiatu. Vidonge vya asubuhi vikaonekana ndani ya chungu cha maua. Mkasi ukalala kwenye ndoo ya unga. Kila Kaka alipokuja kumjulia hali mama yake, kulikuwa na kitu kinatafutwa, na kilipatikana mahali ambapo mwenye akili timamu hawezi kukiweka.

"Anatupotea," Vidole alimnong'oneza, akifuta macho makavu. "Usibishane naye, utamuumiza. Lolote atakalosema, mwitikie tu, 'Ndiyo, Mama.'"

Na kazi ikamwendea vizuri kuliko alivyopanga. Wakiwa wawili tu, mama mkubwa alitunga uzi sindanoni mara moja, akasimulia habari za majirani bila kuchanganya jina. Kaka akiingia, mambo yanageuka. Mara amimine chumvi kwenye chai. Mara avae gauni nje ndani. Siku moja alimtazama mwanawe wa kumzaa akamwambia, "Shikamoo, daktari." Hayo Vidole hakuyapanga. Alikimbilia jikoni kucheka, mkono mdomoni. Kumbe bibi alikuwa ameshaanza kuharibika mwenyewe, na yeye alikuwa anajichosha bure.

Nafasi ikapatikana kwenye nyumba ya kulelea wazee.

Asubuhi ya kuondoka, majirani walijaa uani. Vidole alivaa gauni lake zuri, maana siku hii aliingoja tangu utotoni. Kaka alikuwa anapakia sanduku kwenye gari. Mama mkubwa alikaa sebuleni juu ya kigoda, kile kile cha zamani, na Vidole akapiga magoti kumvalisha viatu.

"Ndani ya hiki cha kushoto usiweke tena ufunguo," mama mkubwa alisema taratibu. "Nilikaribia kuchubuka."

Vidole aliinua uso.

"Miwani kwenye mchele. Vidonge kwenye chungu. Vyote niliviona, mwanangu. Ile chumvi na yale mengine niliongeza mimi, maana nilikuona unachelewa."

"Sasa mbona hukusema?"

Mama mkubwa aliushika mkono wake, akamvisha kitu cha baridi kidoleni. Subana ya fedha.

"Ilikuwa imeshonewa ndani ya pindo la gauni la mteja. Ilirudi wiki ile ile uliyoondoka. Niliona aibu kukufuata, nikaendelea kuona aibu mpaka nikazeeka. Ulipokuja kunihudumia nikajua umefuata nini. Nikasema acha achukue."

Mlangoni wakatokea Kaka na majirani wawili waliokuja kusaidia. Vidole akajaribu kuivua ile subana. Kidole kilikuwa kimetoka jasho, haikutoka.

Mama mkubwa alisimama, fimbo mkononi, macho makavu, akasema kwa sauti ile ile aliyowaambia nayo wateja siku ile.

"Nyote mnisikie. Huyu mtoto hakuiba. Nilimsingizia mbele za watu, na mbele za watu nasema hakuiba."

Majirani wakatazamana. Kaka alikiangalia kidole cha Vidole, akaiangalia subana ya mama yake.

"Ndiyo, Mama," alisema kwa upole.