Mlango Juu ya Tope

Kabwere alikuwa amezama hadi kifuani katikati ya bwawa lililokuwa likikauka, alikoingia kumwokoa ndama. Kila aliyemfuata alinasa, akavutwa nyuma kwa kamba.

"Mnasimama kwa nyayo, uzito wote unakwenda mahali pamoja!" mkewe Nyamizi alifoka. "Nimesema mara ngapi? Laleni!"

"Shemeji, tuachie wanaume," alijibu Lugendo, mdogo wake Kabwere, akajitosa tena. Akadidimia mpaka mapajani, wakamvuta tena nje.

Nyamizi alichoka kusema na watu wasiosikia. Alikimbia nyumbani, akaung'oa mlango kwa mtaimbo, akarudi nao kichwani. Aliulaza juu ya tope, akalala juu yake kifudifudi, ameuma ncha ya kamba. Tope likabonyea kidogo, likambeba. Akajisukuma kwa viganja mpaka akamfikia mumewe, akamfunga kamba kwapani.

"Nyamizi, utazama," Kabwere alinong'ona.

"Nyamaza, nipe mkono."

Kisha akageuza shingo. "Vuteni taratibu! Atakayekurupuka atanitambua!"

Lugendo aliishika kamba. Wote wakavuta taratibu, kama walivyoambiwa. Tope lilikoroma, na kifua cha Kabwere kikaanza kuchomoza.