Kitabu Kichwani

Sheria ya maktaba ilikuwa moja: kitabu kinachokosa video ya watazamaji elfu kwa mwezi kinasagwa kuwa karatasi taka. Siku ya mwisho, kitabu cha tenzi za marehemu babake Bi Riziki kilikuwa na watazamaji sita.

"Shangazi, kiweke kichwani ukate kiuno kidogo tu, nikurekodi," mkutubi alimsihi.

"Baba katunga miaka tisa, leo nimkatie kiuno? Mna haya nyinyi?"

Akakata, machozi yakimtoka. Kufikia jioni watu elfu arobaini walikuwa wamecheka.

"Kimepona!" mkutubi alishangilia.

"Basi niazime, nikakisome nyumbani."

"Hapana, shangazi. Sasa kina wenyewe, wanakingoja nje."

Nje wanafunzi walipanga foleni, wakijifunza kukata kiuno. Hakuna aliyeuliza ndani ya kitabu mmeandikwa nini.