Barabara za Diwani Huckaby

Delbert Huckaby alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa la kituo cha mafuta cha Earlene, darubini machoni, burito, ile chapati ya Kimeksiko iliyokunjiwa mayai, mfukoni, akimwomba Mungu ampe mkosaji mmoja tu.

Kituo hicho kilikuwa cha mwisho upande wa Texas. Ukikipita unaingia New Mexico, ambako mwanamke anayetaka kutoa mimba huitoa bila kuulizwa na serikali. Texas ilikataza. Lakini Delbert, diwani wa kaunti, aliona hata Texas inasinzia, akapitisha sheria yake: ni marufuku kutumia barabara za kaunti kumpeleka mwanamke huko. Mwanamke mwenyewe hashtakiwi. Anayeshtakiwa ni dereva, na raia yeyote aweza kumburuta mahakamani.

Tangu sheria ipite hakuna aliyenaswa. Mchungaji alikuwa ameanza kumuuliza, kwa ule upole unaouma, kama bado anapanda paani.

Gari jekundu likasimama ghafla. Mlango wa dereva ukafunguka, msichana akainama nje na kutapika.

"Asante, Baba," Delbert akanong'ona, akashuka ngazi nusura avunjike shingo.

Msichana alikuwa Tamra. Kando yake alikaa shangazi yake, Nelda Stovall, mwalimu wa watoto kanisani kwao, amepakata mfuko wenye mfarishi wa viraka.

"Bwana asifiwe, Dada Nelda. Mnaelekea wapi?"

"New Mexico, Ndugu Delbert. Na ushushe hiyo darubini, mimi si kulungu."

"Huyu binti anaumwa nini?"

"Jana nilikula burito ya hapa," Tamra akasema, akijifuta mdomo.

Delbert akaigusa ile ya mfukoni kwa wasiwasi, kisha akajikaza. "Wote husema hivyo," akasema, ingawa hakuwahi kumkamata hata mmoja.

"Wote nani?" Tamra akauliza. "Wewe na njiwa wa paani?"

"Binti, sikuchukii. Hii ni sheria. Kwa miaka mingi Washington ilituamulia jambo hili, watu ambao hawajui hata vumbi letu. Sasa limerudi nyumbani, kila jimbo lijiamulie."

"Lilirudi Austin, kwa wabunge wa jimbo," Nelda akasema. "Wewe ukalinyakua Austin ukalipandisha juu ya bati la Earlene."

"Kaunti iko karibu zaidi na watu, Dada. Kadiri uamuzi unavyokuwa karibu na mwenyewe, ndivyo unavyokuwa wa haki."

"Kadiri unavyomkaribia mwenyewe?"

"Kabisa."

"Amina," Nelda akasema, akatazama barabara.

Earlene akatoka na kahawa, vikombe vinne. Nelda akakirudisha chake. Tangu jana usiku, akasema, hajatia kitu mdomoni.

Maneno hayo yalimgusa Delbert. Katika siku hizi za ulafi, bado kuna wanaofunga na kuomba! Akakumbuka Nelda alipojifungua mtoto wake wa nne, moyo ukamsimama juu ya kitanda cha hospitali, kanisa zima likafunga kwa ajili yake. Delbert mwenyewe ndiye aliyewapikia watoto wake maharage. Hawajamsamehe mpaka leo.

"Basi sikilizeni," akasema. "Tamra habanduki hapa. Earlene atampigia mama yake simu aje amchukue. Akivuka huu mpaka, namshtaki kila aliyeshika usukani."

"Na mimi je?" Nelda akauliza. "Nina miadi kabla ya adhuhuri, na leo nimekatazwa kuendesha gari. Nikiikosa, Delbert, sijui kama nitapata nyingine."

Delbert akautazama mfarishi uliochungulia mfukoni: nyota nyekundu na bluu, mshono kama wa malaika.

"Ni wa mashindano?"

"Unauonaje?"

"Utawafagia wote," akasema. Yeye hakuwa katili. Alijua maana ya kutaka kushinda kitu kidogo katika maisha. "Ingia kwenye pikapu yangu. Nitakupeleka mwenyewe."

Tamra akafumbua mdomo. Shangazi yake akamtupia jicho. Akaufumba.

Njiani Delbert aliomba kwa sauti. Alimwombea Tamra, akawaombea wasichana wote wa Texas, akaiombea hata Washington, ingawa kwa ufupi. Nelda aliitikia kila ombi, mkono kifuani, machozi yakimtiririka. Delbert hakuwa amewahi kuona mtu akimwombea jamaa yake kwa uchungu namna ile.

Wakaingia mji wa kwanza ng'ambo ya mpaka. Delbert akaliona duka kubwa la vitambaa, mifarishi imetundikwa dirishani, akaegesha mbele yake.

"Nenda kwa amani. Nitakusubiri."

"Itabidi unisubiri," Nelda akasema. "Walisema bila mtu wa kunirudisha nyumbani hawanipokei."

Delbert hakuwahi kusikia mashindano ya ushonaji yenye masharti makali kiasi hicho. Bado alikuwa anayatafakari alipoona mfuko umesahauliwa kitini. Akaunyakua, akamkimbilia.

"Dada Nelda! Duka umelipita!"

Nelda hakugeuka. Alikwenda hadi mlango mweupe wa jengo la pili, akabonyeza kengele. Muuguzi akafungua.

"Nelda Stovall? Karibu, mama. Daktari alikuwa na hofu na mimba hiyo kwa moyo wako huo, asijue kama utafika." Akamtazama mwanamume aliyekuwa akitweta nyuma yake. "Na huyu ndiye dereva wako?"

"Ndiye," Nelda akasema, akauchukua mfuko mikononi mwa Delbert. "Amenileta kwa barabara ya kaunti. Siku hizi ni nzuri sana."